Nani Aliyepiga?

Msimu wa korosho uliopita nilikuwa nyumbani Narung'ombe kwa likizo. Jioni moja, tukiwa tumeketi uani baada ya chakula, mpwa wangu, ambaye ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, alifungulia katika simu yake wimbo wa zamani wa bendi ya Mlimani Park uitwao "Neema". Mzee mmoja jirani yetu, ambaye enzi zake hapakuwa na ngoma ya jando iliyochezwa pale bila mikono yake, aliusikiliza akiwa amefumba macho. Wimbo ulipokwisha akauliza:

"Mjukuu wangu, nani aliyepiga?"

"Cosmas Chidumule, babu," kijana alijibu upesi.

"Huyo ndiye aliyeimba. Mimi nakuuliza aliyepiga. Yule aliyekuwa akipuliza, na yule mwenye gitaa lililokuwa likimjibu."

Kijana akatazama kioo cha simu. Palikuwa na jina la wimbo na jina la bendi, basi. Akanigeukia mimi. "Mjomba, wewe ni mtu wa mashairi. Unawajua?"

Nami, niliyezisikiliza nyimbo hizo tangu utoto katika redio ya marehemu baba, redio ambayo betri zake tulizianika juani zipate nguvu ya siku moja zaidi, nilinyamaza. Nilikuwa nimeusikia wimbo ule mara mia, na sikupata hata mara moja kuuliza swali aliloliuliza mzee yule baada ya kuusikia mara moja.

Makala haya ni toba yangu kwa ukimya ule. Lakini si toba tu. Ni shtaka pia. Nadai kwamba sisi tulio na kalamu, yaani washairi, walimu, watangazaji na watunza kumbukumbu, tumewatendea dhuluma wapiga ala wa nchi hii kwa muda wa miaka mingi. Tumeusifu wimbo kwa maneno yake, tukamsahau aliyeupa mwili na miguu ya kutembelea. Na aliyedhulumiwa kuliko wote ni yule anayejua ala nyingi, ambaye leo yuko kwenye gitaa, kesho kwenye saksafoni, keshokutwa kwenye kinanda. Kwa kuwa yuko kila mahali, hatumwoni popote.

Sitaki ndugu msomaji adhani kwamba nazungumza juu ya mtu wa kufikirika. Chukua mfano wa Michael Enoch, ambaye wapenzi wa dansi walimwita King. Katika miaka ya 1960 alikuwa mpiga gitaa la solo na kiongozi wa Dar es Salaam Jazz, bendi ambayo mizizi yake inafika katika miaka ya 1930. Baadaye, katika bendi ya Mlimani Park iliyoundwa mwaka 1978, tunamkuta mtu yuyo huyo akipuliza saksafoni, na tena akiwa kiongozi. Vijana wa muziki walimhesabu kuwa mwalimu. Kati ya gitaa lile la kwanza na saksafoni hii ya pili kuna safari ambayo inastahili kuandikiwa kitabu kizima. Sasa jaribu kuwauliza wanafunzi darasani: wangapi wamepata kulisikia jina la Michael Enoch? Kisha waulize majina ya waimbaji wa Mlimani Park. Utaona mwenyewe jinsi mizani yetu ilivyoinama.

Wapo watakaosema: kupiga ala mbili kuna ajabu gani? Hao hawajui kazi yenyewe. Gitaa ni kazi ya vidole. Saksafoni ni kazi ya pumzi, midomo na kifua. Aliyezoea kuishikilia sauti kwa kidole juu ya waya lazima ajifunze upya kuishikilia kwa tumbo lake. Tena lugha zao hazifanani. Noti iitwayo C katika saksafoni ya alto haisikiki kama C ya kinanda, bali husikika kama E bemoli. Kwa hiyo magitaa yakiwa yanapiga katika ufunguo wa A, mwenye saksafoni ya alto lazima afikiri na kupiga katika F shapu, na mwenye tarumbeta ya kawaida apige katika B. Watu watatu wamesimama jukwaa moja, wanapiga wimbo mmoja, na kila mmoja anaita sauti ileile kwa jina lake. Nani atawapatanisha? Ni yule azijuaye lugha zote tatu. Huyo ndiye mkalimani wa bendi. Na mkalimani akikosekana, bendi huwa kama baraza la watu wasiosikilizana.

Tena fikiri jinsi wimbo wa dansi unavyozaliwa. Mtunzi huja mazoezini na maneno yake na sauti aliyoitunga kichwani. Mara nyingi hana karatasi, huimba tu. Hapo wimbo bado ni mifupa. Anakuja mtu anayesema: gitaa la solo lianze hivi, la pili liingie katikati ya la kwanza lisilikanyage, la besi litembee hivi na tumba, vipulizwa vingoje mpaka ubeti wa pili, kisha vijibu. Ndipo inapofika ile sehemu ya mwisho, ambapo waimbaji hupunguza maneno na wachezaji hujaa uwanjani. Huko, ndugu msomaji, hakuna shairi tena. Ni vyombo vinavyozungumza. Sehemu ile ni nusu ya wimbo, na mara nyingine ni zaidi ya nusu. Basi sisi tunaochapa maneno ya nyimbo vitabuni na kuyafundisha kama fasihi, tumekuwa tukiwapa wanafunzi nusu ya chungu na kuwaambia kwamba ndicho chungu kizima.

Hapo zamani wimbo wa namna hiyo uliporekodiwa katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, wote walipiga kwa pamoja. Hapakuwa na mitambo ya kumrekodi kila mtu peke yake na kuunganisha baadaye, kama ifanyavyo kompyuta siku hizi. Mmoja akikosea, wote walirudi mwanzo. Kwa hiyo kila mpigaji aliyekuwamo chumbani humo aliubeba wimbo mzima mabegani mwake, sawasawa na mwimbaji. Lakini ukanda ulipotiwa ndani ya kasha lake na kupelekwa hewani, kilichotangazwa ni jina la wimbo na jina la bendi. Na hapa pana kinaya ambacho hunichekesha na kunichoma kwa pamoja. Katika vipindi vya salamu, mtangazaji aliweza kusoma majina ishirini ya watu wanaosalimiana, kutoka Nachingwea hadi Ngara, kisha akapiga wimbo ambao hakutaja jina la hata mtu mmoja aliyeupiga. Msikilizaji aliyetuma kadi ya posta alitajwa. Mtu aliyempa msikilizaji huyo sababu ya kutuma kadi hakutajwa.

Sisi watu wa Narung'ombe tunaijua vizuri habari ya kusahauliwa majina. Tarehe 19 Julai 1917 palipiganwa hapa vita vikali baina ya majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani. Vitabu vinavyosimulia vita vile vinawataja makamanda wa Kizungu kwa majina na vyeo vyao. Walioyabeba mabunduki yao, vyakula vyao na majeruhi wao walikuwa wapagazi Waafrika, na kwa hesabu ya Waingereza wenyewe wapagazi waliokufa upande wao katika vita vya Afrika Mashariki walizidi 40,000. Nenda katikati ya jiji la Dar es Salaam ukaitazame Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanaahidi kwamba wana wa mashujaa hao watayakumbuka majina yao. Lakini zunguka sanamu yote. Hutaona jina la hata mmoja wao. Ahadi imeandikwa, majina hayakuandikwa.

Nami siyatoi mambo haya kwa kutafuta machozi. Nayatoa kwa sababu historia ya dansi imepita katika njia hizohizo za askari na wapagazi. Ngoma ya beni, iliyoanzia pwani na kuigiza bendi za kijeshi, ilienea bara kwa miguu ya watu wa vita vile, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti vilivyoshindana kwa mavazi, nyimbo na gwaride. Katika beni Mwafrika aliitwaa tarumbeta ya mtawala na kuisemesha Kiswahili. Baadaye vikaja vilabu vya dansi mijini, kisha zikaja bendi zilizojiita jazi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Cuban Marimba ya Salum Abdallah, Western Jazz, na Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande iliyolibeba jina la kusini yetu hadi jijini. Mkono uliobeba mzigo wa mwenzake bila jina ukazaa mkono uliobeba gitaa bila jina. Wa kwanza alisahauliwa na mkoloni. Wa pili nani amemsahau? Hapa hatuna mkoloni wa kumsingizia. Mwaka 1962, tulipoanzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Nyerere alitukumbusha kwamba taifa lisilo na utamaduni wake ni kundi la watu wasio na roho. Basi roho hiyo ina mikono, na mikono hiyo ina wenyewe.

Sasa nizikabili hoja za wapinzani wangu, maana nimezisikia ofisini, vilabuni na hata katika vikao vya washairi wenzangu.

Hoja ya kwanza ni methali: mshika mawili moja humponyoka. Wanasema kwamba anayepiga kila kitu hajui kitu. Heri mtu ashike ala moja aimalize. Naiheshimu methali, lakini methali nayo huweza kutumiwa vibaya. Methali hii inamwonya mwenye tamaa, haimwonyi fundi. Je, seremala anayetumia msumeno, randa, patasi na keekee tunamwambia kwamba moja litamponyoka? Zana zote hizo zatumikia kitu kimoja, nacho ni mti ulio mbele yake. Vivyo hivyo ala nyingi za mpigaji zatumikia kitu kimoja, yaani wimbo. Wazee wetu katika ngoma hawakuwa na ubaguzi huu. Kijana alianza na ngoma ndogo ya kushikilia mwendo, akapanda hadi kubwa, na aliyeruhusiwa kuongoza alikuwa yule aliyeijua kazi ya kila ngoma. Mtazame pia marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuifikisha sauti ya Ugogo pembe zote za dunia. Alipiga ilimba, alipiga zeze, alipuliza filimbi, na juu ya yote aliimba. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba moja limemponyoka. Mbona basi tukimkuta mtu wa namna hiyo katika bendi ya dansi tunamwita mtangatangaji?

Hoja ya pili inasema kwamba gitaa na saksafoni ni ala za kigeni, kwa hiyo mpigaji wake hana nafasi katika utamaduni wa taifa. Hoja hii naiita kasumba iliyovaa kanzu ya uzalendo. Ala haina uraia. Mwenye uraia ni sauti inayotolewa kwayo. Ganuni na udi viliingia Unguja kutoka nchi nyingine, na chama cha Ikhwani Safaa kimevipiga tangu mwaka 1905. Leo nani atasema kwamba taarabu si yetu? Mlimani Park waliita mtindo wao Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Walikuwa wanatuambia jambo kwa jina hilo: kwamba waya na shaba vimekubali kuicheza ngoma ya nyumbani. Hebu tuwasikie.

Hoja ya tatu ni ya watu wa sheria: mwenye wimbo ni mtunzi, mpigaji ni kibarua. Ilikuwa hoja yenye nguvu zamani. Leo imepitwa na wakati. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua haki za mtendaji wa sanaa pamoja na za mtunzi. Neno hakishiriki lenyewe linalia kwa niaba yake. Lakini haki hufuata jina. Mpigaji, au warithi wake, watadai nini kwa mikono mitupu, ikiwa ukanda hauna jina, kasha halina jina, na simu ya mpwa wangu haina jina? Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili. Kutomtaja mtu si kukosa adabu tu, ni kumnyang'anya. Nyimbo zile hazikufa. Zinapigwa redioni, zinauzwa nje, zinavutwa kwa simu kutoka angani. Mahali fulani sarafu inaanguka kila zinapopigwa, na mkono uliozipiga hauna pa kuipokelea.

Hoja ya nne ndiyo inayoniumiza, kwa sababu inatoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema: bendi zetu zilijengwa katika moyo wa ujamaa. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 kwa niaba ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilikuwa ya shirika la usafiri na teksi kabla ya kuchukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam mwaka 1983. Vyombo vilikuwa vya shirika, mishahara ilikuwa ya shirika, na jina lilikuwa la wote. Kumtaja mmoja mmoja, wanasema, ni kuleta ubinafsi.

Nawajibu hivi. Mosi, hatukuwa wajamaa wakamilifu kiasi hicho, maana waimbaji tuliwataja, tena kwa majina ya sifa. Ujamaa wetu ulianzia nyuma ya kipaza sauti na kuishia kwa waliosimama mbali nacho. Pili, ujamaa haukuwa kutokujulikana. Katika shamba la kijiji karani aliandika katika daftari: fulani amekuja, fulani hakuja, fulani amelima kiasi hiki. Mazao yaligawanywa kwa kuitazama kazi iliyoandikwa. Daftari lisilo na majina ya waliolima si daftari la ujamaa. Ni daftari la mnyapara. Tatu, mtu asiye na chombo chake na asiye na jina katika kazi yake amebaki na nini siku ya kustaafu? Wenye magitaa ya shirika waliyarudisha magitaa. Jina lilikuwa ndiyo akiba pekee ambayo shirika lisingeweza kuidai.

Nami nisijifanye hakimu wakati ni mshtakiwa. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kutunga wimbo wa sherehe katika ofisi moja. Nilitunga beti sita, nikajisifu kwa vina vyake. Kijana mmoja akaletwa kuutia muziki, mmoja wa wale ambao lugha ya mjini huwaita deiwaka, yaani wapigaji wanaokodiwa kwa siku moja na kupelekwa popote palipo na pengo. Kijana huyo alikaa kwenye kinanda akautafutia wimbo njia. Akashika gitaa akawaonyesha wapigaji wawili la kufanya. Akalishika gitaa la besi siku ambayo mwenyewe hakufika. Tena akawafundisha wanakwaya sauti nne, moja baada ya moja. Ubeti wangu wa tatu ulikuwa mzito, akauomba upunguzwe neno moja, na alikuwa na haki. Siku ya sherehe mshereheshaji alilisoma jina langu, nikasimama, nikapigiwa makofi, nikapewa cheti. Yule kijana alipewa nauli. Tulipokuwa tukitoka aliniuliza kwa adabu, bila hasira: "Mzee wangu, katika karatasi ile ya ratiba, mimi nimeandikwa wapi?" Nikamwambia kwamba ameandikwa pamoja na wenzake, chini ya neno "Burudani". Akacheka, akaniaga, akaondoka. Kicheko kile ninacho hadi leo.

Je, ni sisi peke yetu wenye dhambi hii? La hasha. Katika miaka ya 1960 Nairobi ilikuwa na kundi la studio ya Equator, ambamo kina Fadhili William, Daudi Kabaka, Nashil Pichen na wenzao walipigiana katika rekodi. Leo mwimbaji huyu, kesho anamsindikiza mwenzake. Wapenzi wa muziki waliyashika majina ya walioimba, yale ya wasindikizaji yakafifia. Huko Detroit, Marekani, kampuni ya Motown ilikuwa na wapigaji wake wa studio waliojiita The Funk Brothers. Dunia nzima ilicheza kwa mikono yao, lakini rekodi hazikuwataja, mpaka ilipotoka santuri ya Marvin Gaye ya mwaka 1971 iitwayo What's Going On. Filamu ya kusimulia habari zao ilitolewa mwaka 2002, wakati baadhi yao wamekwisha kuzikwa. Tajiri na maskini tumekosea sawasawa. Lakini tofauti ni moja: wenzetu wamekwisha anza kutubu kwa maandishi. Sisi bado tunatubu kwa kuguna.

Na saa haitungoji. Fikiri habari ya Patrick Balisidya, mzaliwa wa Mvumi mkoani Dodoma mwaka 1946, mpiga gitaa, mpiga kinanda, mwimbaji, mtunzi na kiongozi. Aliiunda bendi ya Afro 70, akaiwakilisha nchi yetu Lagos mwaka 1977 katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, na katika miaka ya 1980 akarekodi pamoja na kundi la Archimedes la Sweden. Alifariki mwaka 2004. Yeye ana bahati kwamba aliimba pia. Sauti yake ilililinda jina lake. Lakini hata yeye tunamkumbuka kwa midomo yake kuliko kwa vidole vyake. Kama hivyo ndivyo ilivyo kwa aliyeimba, nini hali ya aliyenyamaza akapiga tu?

Basi nini kifanyike? Sipendi makala yanayolaumu kisha yakakunja mkeka. Nawaambia kwanza walimu wenzangu wa kalamu: mnapofundisha wimbo wa dansi darasani, msiishie katika maudhui, vina na tamathali. Wafanyeni wanafunzi wausikilize mara nne: mara moja kwa maneno, mara moja kwa magitaa, mara moja kwa vipulizwa, mara moja kwa ngoma. Kisha wapeni kazi ya nyumbani: nendeni mkamtafute mzee mmoja aliyepata kupiga, awe wa bendi ya mjini, wa beni, wa kwaya au wa ngoma ya kijiji, muulizeni alipiga nini, wapi, mwaka gani, na pamoja na nani, andikeni. Daftari moja la kila shule, kwa miaka mitano tu, lingekuwa hazina ambayo hakuna chuo kikuu kinachoweza kuinunua. Tena shule yenye ngoma mbili na gitaa moja isimfungie mtoto katika chombo kimoja. Azunguke kotekote, aonje kila kazi, ndipo atakapomheshimu mwenzake.

Nawaambia watangazaji: Shirika la Utangazaji Tanzania limerithi kanda za Redio Tanzania. Waliomo ndani ya kanda hizo, ambao bado wako hai, waitwe, wakalishwe, wasikilizishwe kanda moja moja, na waseme: hapa ni mimi, hapa ni fulani. Kazi hiyo haihitaji mitambo kutoka Ulaya. Yahitaji kiti, kikombe cha chai, karani na heshima. Nawaambia viongozi wa bendi na wenye studio: andikeni jina la kila mkono, hata wa deiwaka wa usiku mmoja. Na nawaambia washairi, nikianza na nafsi yangu: tusimame upande mmoja wa jukwaa ili kipaza sauti kiwafikie na wengine.

Asubuhi iliyofuata jioni ile ya Narung'ombe, nilimkuta mpwa wangu kibarazani kwa yule mzee, ana daftari la hesabu mkononi. Alikuwa hamuulizi tena habari za Mlimani Park. Alikuwa anamuuliza ngoma zake yeye: ndogo inaitwaje, kubwa inaitwaje, nani alikuwa akipiga upande wa kulia, nani kushoto. Mzee alikuwa akitaja jina, ananyamaza kidogo, kisha anataja jina jingine. Kijana alikuwa akiandika upesi, maana majina yalikuwa mengi kuliko alivyodhani. Nikaona kwamba swali la mzee limekwisha pata mwanafunzi wake. Nami, kwa kuwa sina gitaa, nimelijibu kwa chombo nilicho nacho:

Mwimbaji mwamfahamu, jina lake mwalitaja,
Sauti yake ni tamu, nami sioni kioja,
Ila nina yangu hamu, nauliza neno moja:
Aliyepiga ni nani, mbona hana lake jina?

Mkono uliotenda, jina lake na litajwe,
Ngoma mnazozipenda, jasho lake lisifujwe,
Wazee nao wenenda, kesho ndefu isingojwe:
Aliyepiga ni nani, mbona hana lake jina?